Alhamisi ni Siku ya Kuzika

Kila Alhamisi huku Siwai tunazika
na hakuna anayelia.
Shimo la kina cha goti, maganda ya kakao hadi ukingoni,
udongo juu, kisha tunakanyaga, tunakanyaga,
hata kiwavi aliyebaki ndani
asipate njia ya kutoka akawa nondo.

Mwaka alioingia kiwavi yule
ukipasua tunda ulikuta mbegu zimeng'ang'aniana,
nyeusi, kavu, hazitaki hata kisu.
Wanaume walitazama, wakatema mate mekundu ya popoo,
wakabeba makarai kwenda mtoni kuchekecha dhahabu.
Kaka yangu Ignas hakuaga.

Shangazi Skolastika akanoa panga.
Miti ya bibi, iliyorefuka hadi ikasahau kuwa ina mwenyewe,
aliikata vichwa, mmoja baada ya mwingine.
Wifi zake wakasema: vita vilimwachia kitu kichwani.
Mimi nilishika ngazi. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
nikaona nisichowahi kukiona shambani mule:
jua limefika chini,
limekaa juu ya majani makavu
kama mgeni asiyejua aketi wapi.

"Kata," akaniambia. "Ukiuhurumia mti, utakula huruma."

Kisha kubebesha.
Jicho la mti mzazi, dogo kama ukucha wa kichanga,
alilibandua kwa wembe, akalipachika kwenye gome la kisiki,
akalifunga kwa utepe wa mfuko wa sukari.
Siku ishirini na moja, alisema, usichungulie.
Nilichungulia siku ya tisa.
Daftari ninalo bado, sikufuta kitu:
*hai, hai, limekufa, hai, limekufa (mimi).*

Kwetu ardhi hutoka tumboni,
mama kwa binti, binti kwa bintiye.
Lakini pesa ya gunia ilikuwa na njia yake nyingine,
ilipitia mfuko wa shati,
na magauni yetu hayakuwa na mifuko.

Ignas alirudi na kikohozi na gramu mbili.
Shangazi hakumuuliza habari za mto.
Alimhesabia miti arobaini, kutoka mgomba ule hadi mnazi ulioinama:
"Ardhi si yako, wajua. Mavuno ni yako.
Ila Alhamisi ni Alhamisi."
Akamkabidhi msumeno, mpini umefungwa kitambaa,
naye akausimamia muda mrefu
kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

Tukajifunza kuvundika: siku sita sandukuni chini ya majani ya mgomba,
kugeuza kwa koleo, kunusa.
Siki kwanza, kisha kitu kama mkate.
Tanuri la kuni tuliliacha, lilitia kakao moshi;
sasa jua linakausha chini ya nailoni,
na mvua ikinyesha usiku tunakimbia sote, wengine na kanga moja.

Mnunuzi alikuja na mizani yake.
Sisi tulikuwa tumekwisha kupima kwa yetu, imening'inia kwenye boriti.
Akasema sitini na moja.
Nikafungua daftari: sitini na nne.
Akacheka, akatazama nyuma yangu. "Mwenye shamba yuko wapi?"
"Mwenyewe ni mama yangu," akasema shangazi,
"amelala pale chini ya mgomba, usimsumbue.
Mimi ni mwanawe. Toa kidole, pima tena."

Sitini na nne.

Usiku ule alishona mfuko kwenye gauni lake la maua,
uzi mweusi kwenye kitambaa chekundu, mishono mikubwa ya haraka.
Siku ya pili wifi zake walikuja kuazima sindano.

Sisemi yote yametengemaa.
Bei hupangwa na watu wasiotujua,
na kiwavi hajahama.
Jana Ignas aliona tundu la ncha ya pini
kwenye tunda moja kati ya miti yake arobaini.
Alilikata, akachimba peke yake mvuani,
akazika, akakanyaga.

Jana ilikuwa Jumanne.